Kumpima mteja kwa simu: je, fundi wa Mtwara alipie?

Swali: Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini. Nina cherehani nne na wasichana wawili wanaonisaidia. Karibu nusu ya wateja wangu hawaishi hapa. Wako Dar es Salaam na Dodoma, na hunitumia kitambaa kwa basi. Kijana mmoja ameniletea programu ya simu. Anasema mteja akipigwa picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, programu inatoa vipimo vyote vya mwili, na kwamba wabunifu wa Ulaya wanaitumia kushona nguo kwa oda bila kupoteza kitambaa wala kuharibu mazingira. Anataka nilipie mwaka mzima. Je, vipimo hivyo vinaaminika? Na kweli vitanipunguzia hasara ya vitambaa?

Jibu: Dada yangu, teknolojia unayoelezwa ipo kweli, na katika hali fulani inaweza kukufaa. Hata hivyo sikushauri ulipie mwaka mzima, wala sikushauri ukate kitambaa cha mteja kwa kutegemea namba za simu peke yake. Kwanza, ni lazima uelewe simu inazipata vipi namba hizo, maana hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Pili, na hili ndilo ninaloliona zito zaidi, kitambaa kinachopotea katika karakana kama yako kwa sehemu kubwa hakipotei kwa sababu ya vipimo vya mwili.

Picha ya mbele huipa programu upana wa mwili, na picha ya ubavuni huipa kina chake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonyesha mzunguko, ilhali mzunguko wa kifua, wa kiuno na wa hipsi ndio unaokuwezesha kukata gauni. Kwa hiyo programu hukadiria. Chukua mwanamke ambaye hipsi zake zina upana wa sentimita 36 zikitazamwa mbele na kina cha sentimita 24 zikitazamwa ubavuni. Ikichukuliwa kwamba mwili wake umekaa kama duara lililobonyezwa, mzunguko utakuwa kama sentimita 95, sawa na inchi 37 na nusu. Mwanamke mwingine mwenye upana na kina hichohicho, ila nyama zake zimejaa kwenye pembe za nyuma, anaweza kufika sentimita 100, na mipaka ya mwili wake katika picha zote mbili ikawa sawa kabisa na ya yule wa kwanza. Tofauti hiyo ya inchi mbili ndiyo inayoamua kama zipu itapanda au haitapanda, na wewe unajua vizuri kuliko muuzaji ni mara ngapi umekutana na miili ya aina hizo mbili katika siku moja.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji hulipita haraka. Picha haina sentimita. Ina nukta tu. Ili nukta ziwe sentimita, programu humtaka mteja aandike urefu wake wa kusimama, kisha hutumia urefu huo kupimia kila kitu kingine. Mteja akiandika sentimita 165 ilhali ana 162, kwa kuwa alipimwa na viatu au alikumbuka tu namba ya zamani ya kliniki, hipsi zake za sentimita 100 zitasomeka karibu 102, na bega, mkono na urefu wa gauni vitakuzwa kwa uwiano huohuo. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua kwa sababu vipimo vyote vinapatana vyenyewe kwa vyenyewe. Hakuna namba moja inayojitokeza ukaishuku.

Kwa kuwa picha mbili hazitoshi, programu nyingi za aina hii hujaza pengo kwa kutumia modeli ya mwili iliyojifunza kutoka kwa maelfu ya watu waliowahi kupimwa kwa mashine. Hapa inafaa kuuliza watu hao walikuwa akina nani. Mradi mkubwa uitwao CAESAR, uliofanyika kuelekea mwaka 2000, ulipima watu zaidi ya 4,000 wa Amerika ya Kaskazini, Uholanzi na Italia. Modeli mashuhuri ya SMPL, iliyotolewa mwaka 2015 na watafiti wa taasisi ya Max Planck ya Tübingen nchini Ujerumani, ilijifunza maumbo ya watu kutoka katika vipimo hivyo vya CAESAR. Uingereza nayo ilipima watu wapatao 11,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa ajili ya maduka yake ya nguo. Ni kazi za kuheshimika, lakini mama wa Newala au wa Kilwa hakuwamo. Modeli inapokosa uhakika hulivuta umbo la mteja kuelekea umbo ililolizoea, na mwanamke mwenye kiuno chembamba na hipsi pana, ambaye kwako ni mteja wa kila siku, ndiye anayeumizwa na mvuto huo: kiuno huongezwa kidogo, hipsi hupunguzwa kidogo. Muulize kijana wako modeli ya programu yake ilijifunza kwa watu wa wapi. Asipokuwa na jibu, hilo nalo ni jibu.

Usichanganye simu na mashine kamili za kupimia mwili, zile ambazo mtu huingia katika chumba kidogo akiwa na nguo za ndani zinazobana, na mwanga au miale ya leza humzunguka na kuchora umbo lake lote. Kwa mashine hizo kipo kiwango cha kimataifa, ISO 20685, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005. Kinataka wastani wa tofauti kati ya kipimo cha mashine na cha mpimaji stadi wa mkono usizidi milimita 9 kwa mizunguko mikubwa kama kifua na kiuno, na milimita 4 kwa midogo kama shingo. Milimita 9 ni kama theluthi ya inchi, kiasi ambacho fundi anaweza kukivumilia. Muuzaji anaposema kwamba vipimo vya kidijitali vimethibitishwa kimataifa, huenda anazungumzia mashine za namna hiyo, wala si picha iliyopigwa sebuleni na mdogo wake mteja.

Upo mfano unaofundisha kuliko maelezo yangu yote. Mwaka 2018 kampuni ya ZOZO ya Japani iligawa kwa watu wengi, bila malipo, vazi jeusi linalobana lenye mamia ya nukta nyeupe. Mtu alilivaa, akasimama mbele ya simu na kuzunguka taratibu huku akipigwa picha 12, na simu ikazisoma nukta hizo na kutoa umbo la mwili. Kwa upande wa kupima, wazo lilikuwa bora kuliko la picha mbili, kwa sababu nukta huonyesha mpindo wa mwili na siyo mpaka wake tu. Lakini nguo zilizoshonwa kwa vipimo hivyo hazikuwaridhisha wote, baadhi zilichelewa, na mwaka 2019 kampuni ikafunga biashara ya nguo zake hizo Marekani na Ulaya. Fedha zilikuwepo na wahandisi walikuwepo. Kwa maoni yangu, kilichowashinda ni safari ya kutoka kwenye mwili hadi kwenye nguo.

Safari hiyo ndiyo kazi yako, na ndiyo maana nataka uithamini kabla hujaithamini programu. Tuseme namba zimekuja sahihi kabisa. Bado huna gauni, kwa sababu gauni halikatwi sawa na mwili. Kwa kitenge, ambacho hakivutiki, utaongeza kama inchi mbili hadi tatu kifuani, inchi moja kiunoni na inchi mbili kwenye hipsi ili mvaaji aweze kupumua, kuinua mikono na kuketi. Kwa kitambaa cha jezi, ambacho huvutika, utafanya kinyume, utakata kidogo kuliko mwili. Na nafasi hiyo haiamuliwi na kitambaa peke yake. Mteja mmoja anataka gauni la harusini limshike. Atasimama, atapiga picha, atarudi nyumbani. Mwingine anajua kwamba siku ya shughuli ya unyago ataketi mkekani tangu asubuhi, na mtu anapoketi chini hipsi zake hutanuka kwa sentimita kadhaa ambazo hakuna picha ya kusimama iliyowahi kuziona. Swali la “utavaa wapi, na utakaaje?” hulinda kitambaa kuliko kamera yoyote.

Nisiwe mchoyo wa sifa mahali ambapo simu inazistahili. Picha zinaonyesha mambo ambayo futikamba haiyasemi: ya ubavuni huonyesha mgongo uliopinda juu na tumbo lililo mbele, na ya mbele huonyesha mabega yanayoshuka au bega moja lililo chini ya jingine. Hayo ndiyo yanayofanya gauni lipande mbele na kushuka nyuma hata kama namba zote zilikuwa sawa. Kwa mteja ambaye hujawahi kumwona, picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, alizozitoa kwa hiari yake, akiwa amevaa nguo yake ya kawaida iliyo karibu na mwili, zitakusaidia kuamua dati (mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate mwili) na mteremko wa bega hata bila programu yoyote.

Sasa nije kwenye hasara ya vitambaa. Maneno ya kijana wako kuhusu mazingira yana msingi huko yalikotoka. Viwanda vikubwa hushona kwanza na kutafuta mnunuzi baadaye; hubahatisha saizi, hubahatisha rangi, na kinachobaki bila mnunuzi hupunguzwa bei, husafirishwa au huharibiwa. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 2024, ambayo inazikataza kampuni kubwa kuharibu nguo zisizouzwa kuanzia Julai 2026. Ripoti ya taasisi ya Ellen MacArthur ya mwaka 2017 ilieleza kwamba chini ya asilimia 1 ya malighafi ya nguo ndiyo inayorudi kuwa nguo mpya. Kwao, kumpima mteja kwanza na kushona baadaye ni mageuzi. Wewe hujawahi kushona kwa namna nyingine. Kila nguo unayoikata ina mwenyewe anayeisubiri, na huna stoo ya magauni yasiyo na mnunuzi. Usikubali kuuziwa, kama jambo geni, utaratibu ambao mafundi wa Lindi na Mtwara wameuishi siku zote.

Kitambaa chako kinapotea pengine. Kinapotea mezani, pale vipande vinapopangwa. Viwandani, ambako kompyuta hupanga vipande kwa saa nyingi, kiasi kinachotupwa wakati wa kukata mara nyingi hutajwa kuwa asilimia 15 hivi, na kwa kitenge chenye ua kubwa linalotazama upande mmoja si rahisi kutupa chini ya hapo. Kinapotea pia kwenye kurudi kwa kitambaa, yaani kupungua kinapofuliwa. Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kupungua kwa asilimia 3 hadi 5 inapoingia majini mara ya kwanza. Kwa gauni la inchi 40, asilimia 4 ni zaidi ya inchi moja na nusu. Angalia basi: mteja amepimwa kwa uangalifu mkubwa, umekata kwa usahihi, amelivaa mara moja, amelifua, na limembana. Atasema fundi hajui kupima. Kukiloweka kitenge usiku kucha, kukianika kivulini na kukipiga pasi kabla ya kukata hakuhitaji kulipiwa kwa mwaka, na kosa linalozuiwa hapo ni sawa na au kubwa kuliko lile la futikamba mbaya.

Hapo kwenye futikamba pia usipite. Zile za plastiki zilizotumika muda mrefu huvutika. Ilaze yako kando ya rula ya chuma, usome inchi 12 za mwanzo na tena 12 za katikati. Ikiwa imepishana, itupe leo.

Jambo ninalolijali kuliko yote katika swali lako ni akiba ya mshono. Anayetegemea vipimo vya kidijitali hushawishika kuamini kwamba, kwa kuwa namba ni sahihi, hakuna haja ya kuacha kitambaa cha ziada ndani, na viwanda kweli huacha sentimita moja tu. Mwili wa mtu haubaki kama ulivyopimwa. Mteja wako atazaa, atanenepa, ataugua na kupona, na gauni lililokatwa bila akiba litakuwa limekufa mwaka wa pili. Ukiacha inchi moja kila ukingo kwenye mishono miwili ya ubavuni, unaweza baadaye kulitanua kwa takriban inchi mbili na mshono ukabaki na pa kushikia. Ongeza akiba ya inchi mbili kwenye pindo la chini, hasa kwa sare za watoto. Vipande hivyo vichache vya kitambaa vilivyojificha ndani vinaweza kuongeza maisha ya nguo kwa miaka, na kwa maoni yangu hakuna hatua ya kulinda mazingira iliyo ndani ya uwezo wa fundi inayoizidi hii. Iandike kwenye daftari lako kama sharti la kazi, uwafundishe wasichana wako, na umwonyeshe mteja siku anapochukua nguo yake, ili ajue kwamba ipo na asiende kuitupa.

Kwa wateja wako wa mbali, njia ninayoiamini zaidi ni nguo yao wenyewe. Mwombe mteja akutumie, pamoja na kitambaa, gauni moja linalomkaa vizuri na asilolihitaji kwa wiki mbili. Lilaze mezani bila kulivuta, pima upana wa kifua kwapa hadi kwapa, kiuno, hipsi, bega hadi bega na urefu, kisha zidisha mizunguko mara mbili. Vipimo hivyo tayari vina nafasi ndani yake, na nafasi hiyo imeshakubaliwa na mvaaji. Kumbuka tu kulinganisha aina ya kitambaa, kwa maana gauni la jezi halifai kuwa kielelezo cha gauni la kitenge. Ikishindikana, ndugu yake ampime kwa futikamba huku wewe ukitazama kwa simu ya video na kumwelekeza kamba ipite wapi. Kwa nguo ya gharama, kwa mfano ya bibi harusi, kata kwanza sehemu ya juu kwa kitambaa cha marekani au shuka la zamani, uitume kwa basi, aijaribu, akurudishie ikiwa na alama za pini.

Ukitaka kutumia picha pamoja na hayo, basi zipigwe mbele ya ukuta mtupu, siyo mbele ya pazia la maua, simu ikiwa wima usawa wa kiuno, mikono ikiwa mbali na mbavu, na mteja akiwa amevaa kitu kinachobana. Fundo la kanga kiunoni huhesabiwa kuwa mwili. Kilemba huhesabiwa kuwa urefu.

Na hapo linaingia jambo la stara, ambalo kwa watu wetu wa pwani si dogo. Mwanamke anayejiheshimu ana haki ya kukataa kupigwa picha akiwa na nguo za kubana, na ana haki zaidi ya kujua picha hiyo inakwenda wapi. Programu nyingine hutuma picha kwenye kompyuta za kampuni nje ya nchi, nyingine hufanya hesabu ndani ya simu na kuifuta picha palepale; tofauti hiyo ni kubwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na ipo Tume inayoisimamia, ambako wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili. Picha za wateja wako ni taarifa binafsi, na wewe unayezipokea unabeba wajibu, siyo muuzaji peke yake. Mweleze mteja unazitaka kwa kazi gani, zifute nguo ikishakamilika, na kamwe usiziache kwenye simu ambayo wasichana wa karakana wanaishika kwa zamu.

Kama bado unavutiwa na upande wa kompyuta, anza na ule usiolipiwa. Programu ya Seamly2D na tovuti ya FreeSewing hupokea vipimo ulivyochukua kwa futikamba na kuchora patani, yaani karatasi za kukatia, kwa mwili wa mteja huyohuyo. Unazichapisha steshenari kwenye karatasi za A4 na kuziunganisha kwa gundi. Zinahitaji kompyuta na uvumilivu, lakini zinashughulikia ile safari ya kutoka mwilini hadi kwenye nguo niliyoieleza, na patani ya mteja ikishahifadhiwa huhitaji kuichora upya akirudi.

Kuhusu kijana wako, mwombe majaribio ya mwezi mmoja. Chagua wanawake sita wa hapo Mtwara wenye maumbo tofauti na walioridhia kwa moyo wao. Kila mmoja mpime kwa futikamba mara mbili siku hiyohiyo, kisha kwa simu mara mbili, picha zikipigwa upya kila mara, na uandike kifua, kiuno na hipsi. Tazama kwanza kama simu inajirudia. Ikisema inchi 42 na nusu, kisha 42 na nusu tena, ilhali futikamba inasema 41, hilo ni kosa lenye adabu. Ukiliona hivyohivyo kwa wote sita, unaweza kulipunguza mwenyewe kwenye hesabu. Ikisema 40 kisha 43 kwa mwanamke yuleyule ndani ya dakika kumi, hakuna hesabu itakayokuokoa. Angalia pia kama namba zake ni za sentimita, na uzigeuze kwa kugawa kwa 2.54, siyo kwa 2 na nusu, kwa maana kwenye sentimita 100 njia ya mkato inakuzidishia zaidi ya nusu inchi. Simu ikijirudia vizuri, lipia mwezi kwa mwezi na uitumie kwa wateja wa mbali tu, ukithibitisha urefu wa kusimama na hipsi kwa futikamba kila mara. Kijana akikataa kukupa mwezi huo wa majaribio, usilipe.